Aleji

Neno lenyewe lina herufi sita: u, l, l tena, a, g, e,
na kwenye fomu za bohari letu la mafuta
limejibana baina ya namba ya lori na sahihi ya dereva.
Wiki ya kwanza nililisoma kimoyomoyo, kwa aibu,
kama mtu anayeonja uji wa jirani.
Oyieke, aliyenifunza kazi, hulitamka "aleji,"
na madereva wote kutoka Kisumu hadi Malaba
wamelipokea hivyo hivyo.

Nikalitafuta kamusini. Kamusi ikasema:
kiasi ambacho chombo kimepungua kujaa.
Kimepungua! Kana kwamba kuna aliyeiba.
"Weka kitabu," Oyieke akaniambia, "panda ngazi."
Nikapanda mgongo wa lori, chuma kikinichoma viganja,
nikafungua kifuniko, nikateremsha fimbo ya kupimia,
nikaitoa imelowa mpaka alama, na juu ya alama, kavu.
"Hapo pakavu," akaita kutoka chini,
"ndipo neno lako."

Maana jua la Kisumu halina mzaha.
Petroli iliyopakiwa alfajiri, ikifika saa nane si ile tena:
imefura, imetanuka, inatafuta pa kuegemea.
Usipoiachia nafasi itajitafutia yenyewe,
kwenye valvu, kwenye lami,
kwenye kiberiti cha mtu asiyejua lolote.
Asilimia tatu ya tangi, basi. Hewa.
Tunaiandikia, tunaitilia sahihi, tunaigongea muhuri.

Mama angecheka. Mama, Kageha wa mahindi, soko la Luanda,
ambaye gorogoro lake halijawahi kusawazishwa kwa kijiti:
hulijaza, kisha huongeza, kisha huongeza,
mpaka punje zateleza ubavuni
na mteja anatandaza leso kuzidaka.
"Chombo kisichomwagika," husema, "kimepimwa na mchoyo."
Na mimi bintiye nalipwa mshahara
kuhakikisha hakuna kinachojaa.

Kuna dereva, Wekulo, aliyenibembeleza asubuhi moja:
"Dada, jaza. Jaza mpaka shingoni, nje ya karatasi.
Hizo lita mnazoziachia hewa ni karo ya mwanangu."
Nikapiga hesabu. Kweli zilikuwa karo,
ya mwaka mzima, na sare, na viatu.
Sikujaza.
Akaniita mtumishi wa hewa,
na jina hilo limenikaa
kuliko lile lililo kwenye beji.

Mwezi wa tano wa ujauzito, kliniki, foleni ndefu.
Muuguzi, bila kuinua macho: "Una aleji?"
"Asilimia tatu," nikajibu.
Hapo akainua macho.
Nilicheka mpaka benchi zima likacheka bila kujua kwa nini,
naye akaandika kwa kalamu nyekundu: hakuna.

Ngazi sasa nimekatazwa. Nakaa mezani.
Oyieke ndiye anayepanda, magoti yakimlia,
ananisomea namba kutoka juu, nami naandika.
Tumbo limefika ukingo wa meza.
Kila Jumatatu nasogeza kiti nyuma kidogo,
upana wa vidole viwili, vitatu,
na hakuna fomu ya kulijaza hilo.

Jana mama amekuja na kunde na gorogoro lake,
maana haamini vipimo vya watu wa mjini.
Akanimiminia chai mpaka kwenye mdomo wa kikombe,
ikavimba juu, ikatetemeka, haikumwagika.
Akakitazama kikombe. Akalitazama tumbo.
Kisha akainama, pale pale mezani,
akapiga funda moja la juu.
"Haya, beba," akasema. "Sasa hakitakuunguza."